Moshi wa Pijo ya Latyr

Abiria wa kwanza kushuka alikuwa mama mmoja mwenye kuku wawili. Alishuka akikohoa na kulaani, akafuatwa na mzee wa tasbihi, kisha wale vijana wa benchi la nyuma, na kabla Latyr Sarr hajazima injini Pijo yake ilikuwa tupu. Moshi ulikuwa umeifunika stendi ya Kaolack kuanzia foleni ya Dakar mpaka kwenye vibanda vya kahawa. Haukuwa ule moshi mweusi wa dizeli ambao gari likikanyagwa unatoka na kuisha. Huu ulikuwa wa buluu iliyopauka, mzito, unanuka oili iliyoungua, na ulikaa palepale ulipotoka kama mgeni asiyejua kuaga.

Tening, mke wa Latyr, aliyaona yote kutoka langoni alipokuwa akiuza mikate ya maharage. Mteja aliyesimama mbele yake alijifunika pua kwa kofia.

"Gari la nani hilo linalochoma matairi?"

Tening alimpa mkate wake na chenji yake, akaendelea kukoroga sufuria. Mumewe alikuwa ameendesha magari ya watu miaka nenda miaka rudi, hadi alipouza ng'ombe wa upande wa mama yake akanunua Pijo ile, nayo ilikuwa imeshazeeka tayari. Hawakuwa na shamba wala duka. Walichokuwa nacho duniani ni gari lile na nafasi yake kwenye foleni ya Dakar.

Pale stendi kila mtu ni daktari wa magari. Kabla boneti halijainuliwa, madaktari walikuwa wameshakusanyika. Mmoja alitia kidole kwenye ekzosi, akakitoa cheusi, akakinusa na kufumba macho.

"Nozeli."

"Nozeli gani? Nozeli zinatoa moshi mweusi. Hii pampu."

"Ni dizeli ya magendo hiyo, ile ya kuvushwa mpakani. Latyr, ulinunua kwa nani?"

"Gasketi imekwenda. Injini inakunywa maji. Angalia rejeta."

Latyr aliangalia rejeta. Maji yalikuwa yamejaa pomoni. Daktari wa gasketi akakunja uso, akaona ni kosa la rejeta, si lake.

Ndipo akatokea Hamady Kane, akipenya katikati ya watu kwa tumbo lake. Hamady alikuwa fundi, na zaidi ya ufundi alikuwa mnunuzi wa magari yaliyokufa. Uwanja wake nyuma ya kinu cha karanga ulijaa mizoga. Yeye ni Mtukulori na Latyr ni Mserere, na hao ni watani tangu enzi za mababu. Kwa hiyo mmoja huwa ni bwana na mwenziwe ni mtumwa, kutegemea nani kawahi kufungua mdomo. Hamady siku zote alikuwa anawahi.

"Jamani, nani kafa? Mbona nasikia harufu ya Mserere anaungua?"

Watu wakaangua kicheko.

"Kumbe ni mtumwa wangu Latyr! Wewe, nani kakuruhusu kuwasha moto bila kumwomba bwana wako kiberiti?"

"Pita zako, mla samaki mkavu," Latyr alijibu, kama inavyotakiwa. "Nilikununua mwaka juzi kwa gunia la chumvi, na hata hilo nilipunjwa." Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola.

Hamady aliinama ndani ya boneti. Alinusa, akapapasa, kisha akachukua spana akagonga bakuli la chujio la hewa, lile la bati linalotiwa oili ili vumbi linase. Aligonga mara mbili. Sauti ilikuwa nzito, sauti ya chombo kilichojaa.

"Ugonjwa huu hapa," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka langoni. "Limevimbiwa! Mserere mwenyewe hajui kusema basi, ataijulia wapi mashine yake? Limelewa hili, kama mjomba wako alivyolewa kwenye matanga. Mwaga nusu, mtumwa, likapumzike."

Stendi nzima ilicheka. Dereva wa foleni ya Tambacounda alijipiga mapaja. Hata mama mwenye kuku alicheka.

"Huo ni ushauri wa fundi au wa mchunga mbuzi?" Latyr aliuliza.

"Ni wa bwana kwa mtumwa wake. Bure. Wengine nawatoza."

Tening naye alicheka, kwa sababu ilikuwa inachekesha. Ila alipomtazama Hamady akifuta mikono, aliona macho yake hayakuwa yanacheka. Yalikuwa yanazunguka gari, yakishuka kwenye tairi la mbele, yakipanda kwenye milango, yakitua kwenye keria. Jambo hilo halikumpendeza, lakini mteja mwingine alikuwa ameshafika.

Mzee Gallo, mkuu wa foleni, hakuwa na utani na mtu. Alikuja akiburuza ndala zake, akasimama mbali kidogo na moshi.

"Sarr, toa hilo gari. Abiria wakihamia stendi ya mabasi, watoto wangu nitawalisha moshi? Jumamosi ikifika bado linatoka hivyo, nafasi yako nampa mtu mwingine. Wapo wanaoingoja, nawe unawajua."

"Mzee wangu, nipe hata wiki mbili."

"Nimeshasema Jumamosi."

*

Fundi Bassirou alikuja nyumbani siku iliyofuata, amevaa shati jeupe, jambo ambalo kwa fundi lina maana moja tu: kwamba haji kufanya kazi, anakuja kutoa hukumu. Mama Mbissine, mama yake Latyr, alimtandikia mkeka na kumpa maji ya kunywa kwenye bilauri ya wageni. Yule bibi alikuwa analiita gari lile Ndaw, jina la ng'ombe wa mwisho aliyeuzwa kulinunua.

"Mtazame vizuri Ndaw wetu, baba. Huyu hakuwahi kuugua."

Latyr alianza kueleza kila alichofanya, kama mtoto anayeogopa kuchapwa. "Dizeli nimebadilisha. Nozeli nimezitoa nikazisafisha. Chujio la hewa nimelifungua mwenyewe wiki iliyopita, nikalisafisha, nikalijaza oili mpaka juu kabisa, vumbi la msimu huu lisipenye hata chembe. Na kila asubuhi naongeza."

"Vizuri," alisema Bassirou, akitikisa kichwa. "Vumbi la mwaka huu ni baya."

Na hapo ndipo penye msiba wote, ukitaka kujua. Kwenye lile bakuli umechorwa mstari, na oili haitakiwi kuupita. Lakini upepo wa jangwani ukianza kupuliza na vumbi likawa ndilo hewa yenyewe, madereva wa Kaolack hawataki kusikia habari za mstari. Kwao oili nyingi ni vumbi kidogo, na anayejaza mpaka juu ndiye dereva anayelipenda gari lake. Latyr alikuwa analipenda kuliko wote. Oili ikizidi mle inavutwa na injini pamoja na hewa, inaungua, inatoka nyuma ikiwa moshi. Bassirou alikuwa fundi wa jina, lakini alikuwa mtu wa Kaolack vilevile. Alisikia "mpaka juu" akaona ni sifa.

Gari liliwashwa. Mtaa ukajaa moshi, jirani akafunga dirisha kwa kishindo ili asikike. Bassirou alifungua kifuniko cha oili juu ya injini, akaweka kiganja. Pumzi kidogo ya moshi ikapanda, kama inavyopanda kwenye injini yoyote ya uzee ule. Alitazama kiganja chake, akakifuta kwa kitambaa, akavuta midomo.

"Ringi za pistoni zimekwisha. Injini inakula oili."

"Zimekwisha kabisa?"

"Kabisa. Injini ishushwe, silinda zichongwe, pistoni mpya, ringi mpya. Ukinikuta na moyo mzuri, faranga laki nne na nusu."

Latyr alikaa juu ya ngazi ya mlango. Tening, aliyekuwa ameshika kitambaa cha fundi muda wote, alivuta kile kijiti cha kupimia oili ya injini, kwa kuwa alikuwa amemwona mumewe akifanya hivyo kila siku. Oili ilikuwa imefika palepale ilipokuwa juzi na jana.

"Fundi, samahani," alisema. "Kama injini ndiyo inakula oili, mbona oili yake haipungui? Mimi mafuta yakipungua kwenye chupa najua nimepika. Haya hayajapungua. Sasa kinachoungua kimetoka wapi?"

Bassirou akamgeukia Latyr huku akitabasamu.

"Sarr, siku hizi nyumba hii ina mafundi wangapi?"

"Tening, rudisha hicho kijiti," alisema Latyr.

"Nauliza tu."

"Shemeji," alisema Bassirou kwa upole ule unaouma kuliko kofi, "maharage yako ni matamu, mimi mwenyewe huwa nayala. Wewe shika mwiko, na mimi nishike spana."

Tening alirudisha kijiti. Fundi alipoondoka alichukua elfu tano za kuja kutazama, akaziweka kwenye mfuko wa shati jeupe, ambalo halikuwa limepata hata doa.

Usiku huo, wakati wa kula, Tening alijaribu tena. "Baba Sombel, na yale aliyosema Hamady? Kwamba limevimbiwa. Aligonga lile bakuli."

Latyr aliacha kutafuna. "Unataka nimwendee yule Mtukulori, nimwambie bwana, nimekuja, yale matusi yako nimeyaweka moyoni? Stendi itanicheka mpaka nife. Ule ulikuwa utani."

"Utani ndiyo. Lakini aligonga mara mbili."

"Mwanamke, nimechoka."

Mama Mbissine akaingilia. Mtani, alisema, maneno yake ni upepo. Ukiyashika umekuwa mpumbavu, na ukiyakasirikia umeita balaa. Mjukuu Sombel alicheka aliposikia kwamba baba yake ni mtumwa wa mtu, akakatazwa kucheka na mdomo umejaa.

*

Mwenye pesa katika ukoo alikuwa kaka mkubwa wa Latyr, ambaye alikuwa Italia, na mwenye kuzishika alikuwa mkewe, Adja Khady, aliyekuwa anauza chumvi kwa malori. Latyr hakuweza kwenda. Alisema mguu unamuuma. Akaenda Tening.

Alikaribishwa uani, si sebuleni. Akaambiwa Adja anakula, asubiri. Akasubiri huku akinusa wali na samaki. Mfanyakazi wa ndani alipomwona amekaa bure akamletea beseni la vitunguu na kisu, na Tening akamenya, maana kukataa ingekuwa ni kiburi na alikuwa amekuja kuomba. Alimenya beseni zima, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakuhitaji kuyaficha.

Adja Khady alitoka akichokoa meno.

"Tening! Kumbe ni wewe? Nikadhani wameniletea kibarua mpya. Habari za Pijo?"

"Ndiyo iliyonileta, dada."

Akaeleza. Adja alisikiliza huku akihesabu malipo ya mtu mwingine kwenye simu.

"Si ndiyo gari hilo mlilouzia ng'ombe? Mume wangu alisema, mdogo wangu, usiuze ng'ombe, ng'ombe anazaa. Pijo imezaa nini? Imezaa moshi." Akacheka peke yake. "Laki nne na nusu mimi sina. Nikikupa, kesho utakuja wa tairi. Ila sitakuacha uondoke mikono mitupu, mimi si mtu wa hivyo."

Aliita, na mfanyakazi akaleta mfuko wa nailoni wenye wali uliobaki kwenye sinia, na vichwa viwili vya samaki juu yake.

"Mpelekee mama mkwe. Mwambie namsalimia sana."

Tening alishukuru kwa mikono miwili. Njiani alitaka kuutupa mfuko ule kwenye mtaro, akasimama kabisa kando ya mtaro. Kisha akaendelea kutembea, kwa sababu wali ulikuwa bado wa moto na nyumbani hapakuwa na kitu.

*

Ijumaa Latyr alisema anakwenda kupakia barabarani, nje ya stendi, ambako mkono wa Mzee Gallo haufiki. Kulikuwa na watu wa mtaani wanaokwenda kumpa mtoto jina kijiji cha pili kabla ya Fatick, na hao walikuwa majirani, wangevumilia moshi kidogo. Tening alipanda naye, ili abiria wakiona mke wa dereva kapanda wasiogope. Kabla ya kuondoka Latyr alifungua bakuli la chujio akaongeza oili, kwa heshima ya vumbi la njiani.

Mwanzoni walikwenda wakiimba. Walipofika kwenye mashamba ya chumvi, Latyr alikanyaga mafuta kulipita lori, kisha akaondoa mguu. Injini haikushuka. Ilipanda. Ilipiga kelele ambayo Tening hakuwahi kuisikia kwa mashine wala kwa mnyama, na nyuma yao barabara ikapotea.

"Punguza, Latyr!"

"Sijakanyaga!"

Alizungusha ufunguo akauchomoa kabisa, akauinua mkononi, na injini ikazidi kunguruma bila ufunguo, ikijilisha oili ya kwenye bakuli. Bibi mmoja aliyebeba kibuyu cha maziwa alianza kutoa shahada. Latyr alikanyaga breki kwa miguu yote miwili, gari likaserereka mpaka kwenye mchanga wa kando. Hapo akasukuma gia ya nne, akaachia klachi kwa ghafla huku breki imeshikwa. Gari liliruka, likatetemeka, likazima.

Halafu watu wakatoka wote kwa pamoja, kupitia milangoni na madirishani. Bibi alichubuka magoti, na maziwa ya mtoto wa watu yakamwagika barabarani.

"Ulitaka kutuua kwa nauli ya mia saba?" jirani yao mmoja alimfokea Latyr. "Ulijua gari ni bovu, ukatupakia!"

Walidai nauli zao. Latyr alizirudisha moja moja. Wa mwisho kupokea alitema mate kwenye tairi la mbele, akaondoka. Tening alibaki ameshika kile kibuyu kitupu ambacho bibi alikuwa amekisahau.

"Imekufa," Latyr alisema. "Umesikia mwenyewe. Huo ulikuwa mlio wa kufa."

Tening alitaka kusema lile la bakuli. Alimtazama mumewe usoni, akanyamaza. Baadaye alijichukia kwa kunyamaza kule kuliko kwa jambo lolote lingine alilowahi kufanya.

*

Jumamosi Mzee Gallo alimpa mtu mwingine nafasi ya Latyr. Jumapili, kabla ya chakula cha mchana, Hamady Kane alikuwa mlangoni kwao na mfuko wa machungwa.

"Hodi kwa watumwa! Mbona hampigi magoti?"

Mama Mbissine alicheka, akamtandikia mkeka uleule wa Bassirou. Hamady akakaa, akamenya chungwa, akala lote kabla ya kusema lililomleta. Alikuwa amesikia habari za njia ya Fatick. Alisikitika sana. Alikuwa tayari kumwondolea mtani wake mzoga mlangoni.

"Laki mbili."

"Laki mbili!" Latyr aliruka. "Milango peke yake inafika laki mbili."

"Basi uza milango, ubaki na moshi." Akatema kokwa. "Sikiliza, Mserere. Injini ya kuchonga, Bassirou amekwambia bei. Imekukimbia na watu, polisi wakisikia watakutafuta. Nani mwingine atakuja hapa? Nakupa laki mbili na ishirini kwa sababu sisi Watukulori tunajua thamani ya ng'ombe, na mama yako aliuza wazuri."

Latyr alitazama chini. Tening, aliyesimama kwenye mlango wa jiko, alisema, "Fundi Hamady, siku ile stendi uligonga bakuli la chujio. Ulikuwa unasema kweli au unatania?"

Hamady alimgeukia, na meno yake yote yakaonekana.

"Mke wa mtumwa wangu, toka lini Mtukulori akamwambia Mserere uongo?"

Latyr na mama yake wakacheka, maana hilo lilikuwa jibu zuri la utani. Tening hakucheka. Alirudia, "Naomba unijibu kama mtu na mtu."

"Tening!" Mama Mbissine alimkemea. "Mgeni amekuja na machungwa, wewe unamfanya shahidi wa mahakama? Nenda ukalete maji."

Akaenda kuleta maji. Aliporudi, pesa zilikuwa zimeshahesabiwa na Latyr ameshazishika. Hamady alizunguka gari, akapiga teke la kirafiki tairi la akiba lililokuwa limeegemea ukuta. Lilikuwa jipya, nalo halikuwemo kwenye mapatano.

"Na hili ni fungu la bwana," alisema, akalibeba.

Mtani akichukua kitu chako mbele ya macho yako, unacheka. Ndivyo ilivyo. Latyr alicheka, na alipocheka mdomo wake ulikuwa umekauka mpaka midomo ikanata kwenye meno. Pijo ilivutwa kwa kamba hadi mwisho wa mtaa. Mama Mbissine aliisindikiza akiita, "Kwaheri Ndaw, kwaheri mama," na watoto wa jirani wakamwigiza.

*

Deni la dizeli lilikula nusu ya zile pesa, na bibi wa magoti akapelekewa za dawa. Latyr akarudi stendi akiwa mpigadebe. Mzee Gallo alimfanyia hisani hiyo mwenyewe: asimame foleni ya Dakar, aite abiria, kila gari likijaa dereva amtupie chochote. Siku ya kwanza alisimama karibu na ukuta na sauti yake haikutoka. Siku ya pili njaa ikaitoa.

Halafu, asubuhi moja ambayo upepo ulikuwa umetulia, Pijo iliingia langoni. Ilikuwa imeoshwa, keria limepakwa rangi ya kijani, na juu ya kioo cha mbele limeandikwa jina la mama yake Hamady. Hamady mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Ilipita mbele ya sufuria la Tening, na nyuma yake hewa ilikuwa safi, mtu angeweza kuanika nguo nyeupe. Ikaenda ikaegesha kwenye nafasi ya Latyr, iliyokuwa ndiyo nafasi aliyopewa Hamady.

Madaktari wa stendi wakaja mbio. Mmoja alitia kidole kwenye ekzosi, akakitoa kikavu.

"Umechonga injini?"

"Kuchonga nini?" Hamady alipanda juu ya bampa ili aonekane na wote. "Jamani, mnakumbuka nilimwambia nini mtumwa wangu, hapa hapa, mbele yenu?"

"Limevimbiwa!" waliitikia kwa pamoja.

"Nikamwambia afanye nini?"

"Amwage nusu!"

"Nimemwaga nusu! Basi! Sikufungua hata nati moja ya injini, naapa kwa mama yangu aliyeandikwa hapo!"

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika mpaka kwenye kinu cha karanga. Watu waliegemeana. Bassirou, aliyekuwa anakunywa kahawa, alicheka kuliko wengi, ili aonekane yuko upande wa wanaocheka.

Tening aliacha sufuria. Alipita katikati ya watu na mwiko mkononi, akasimama mbele ya bampa.

"Ulijua," alisema. "Ulijua tangu siku ile. Nilikuuliza nyumbani kwangu, mtu na mtu, ukaninyamazia. Ukatuacha tuuze."

"Nilijua, na nilisema, mbele ya stendi nzima. Nani alinizuia kusema? Nani aliwazuia kusikia?"

"Ulisema kwa matusi ili tusikuamini! Mwizi wewe!"

Vicheko vikakatika. Neno lile halisemwi kwa mtani, angalau si kwa uso kama ule. Wanawake wa kahawa walishika vifua. Mzee Gallo akaja akiburuza ndala.

"Tening, nini hiki? Huyu ni mtani wenu. Mtani hakasirikiwi, hilo hata mtoto analijua. Unataka kuiletea stendi yangu nuksi?" Akageuza kichwa. "Latyr! Mwambie mkeo."

Watu wote wakamgeukia Latyr. Alikuwa amesimama kando ya mlango wa Pijo, pale alipokuwa anasimama kila siku alipokuwa mwenye gari. Tening alimtazama, akaomba kimoyomoyo kwamba mara hii moja, hata kama ni balaa, hata kama wazee watakuja, mumewe akasirike.

Latyr akacheka.

Alicheka vizuri, kichwa nyuma, mikono kiunoni. "Msameheni," alisema. "Sisi watumwa tukikosa chakula tunasahau adabu. Bwana Hamady, nikikuua, kesho nitakula samaki wa nani?"

Stendi ikapumua. Vicheko vikarudi, vikubwa kuliko mwanzo, na watu wakampigapiga Latyr mgongoni, wakisema huyo ndiye mwanamume. Hamady alishuka kwenye bampa akamkumbatia. Halafu akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kopo la mayonezi lililojaa oili nyeusi mpaka kwenye mfuniko, akampa Tening.

"Mali yenu. Ile nusu. Sisi Watukulori hatuli cha mtu."

Tening alilipokea. Mikono yake ilikuwa imezoea kupokea. Alirudi nalo langoni, akaliweka chini kando ya jiko lake, na kijana aliyekuwa anangoja mkate akamwuliza kama bado maharage yapo. Akamwambia yapo.

Nyuma yake, Hamady alikuwa amemtupia Latyr sarafu ya mia moja, nayo ikaanguka mchangani, Latyr akainama akaiokota. Kisha akapiga bati la Pijo kwa kiganja, mara mbili, na sauti yake ikapanda juu ya sauti zote za stendi:

"Dakar! Dakar! Bado wawili! Njooni mpande, gari zuri hili, halina moshi!"